Tetra wa Lidwina na Uji wa Ulezi

Lidwina alikuwa amechoka kugombana na samaki. Yaani wewe fikiria, fundi cherehani anayejulikana Ruhuwiko nzima, anaamka asubuhi, hajanawa hata uso, anainamia tangi la kioo na kumwambia kisamaki kisichozidi kidole gumba, "Wewe, mwache mwenzio." Na kisamaki hakimwachi.

Walikuwa tetra wanne, wa kijivu, nyuma weusi kama wamevaa sketi. Aliachiwa na mwalimu mmoja jirani aliyehamishwa kituo. Kwa macho wazuri, kwa tabia ndo balaa. Mmoja mwembamba, ambaye Lidwina alimbatiza jina la Mbabe, kutwa anawakimbiza wenzake, anawadonoa mapezi mpaka yanachanika kama pindo la gauni la mtumba.

Sasa, tangi lilikaa kwenye kona ya sebule, na kona ile toka Lidwina hajazaliwa ni kona ya mahindi. Kila mwaka wakishavuna, mjomba Polikarp analeta magunia toka Maposeni, yanapangwa pale, penye ukavu. Mama yake Lidwina, mama Benigna, alishasema neno lake, na mama Benigna akisema amesema.

"Kuku anataga, mbuzi anazaa. Hawa wako kazi yao ngumi tu. Wakizaa kabla mahindi hayajafika, nitajua ni mifugo, watakaa. Wasipozaa, tangi linatoka nje."

"Nje na baridi hii, mama? Watakufa."

"Basi wazae."

Ilikuwa Juni, na baridi ya Songea ya Juni unaijua, mtu anafua nguo huku anatetemeka. Samaki wa maji ya vuguvugu nje asingefika asubuhi.

Lidwina akafanya kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa vizuri angefanya: akamtenga mgomvi. Mbabe akahamishiwa kwenye ndoo. Tangi likatulia kama kanisa siku ya kazi. Akasubiri mayai. Akasubiri weee. Hakuna. Mwisho akampigia simu Zuhra, rafiki yake waliyejifunza naye ushonaji, mtoto wa Tunduru, anayefuga samaki nyumbani kwake kule mjini.

"Nimemtoa yule mkorofi, wametulia, lakini hawazai," alisema Lidwina.

"Huyo mkorofi mwembamba au ana tumbo?"

"Mwembamba."

"Na waliobaki?"

"Wana matumbo ya duara."

Zuhra akacheka mpaka simu ikakoroma. "Shoga, wallahi umemfunga jela bwana harusi. Hao waliobaki ni majike watupu. Unataka wazae na nani, na pampu ya hewa?"

"Lakini anawapiga, Zuhra. Mapezi yamechanika."

"Kwa sababu wako wachache. Tetra anataka kundi, ugomvi ugawanyike. Wakiwa wanne, kipigo chote kinaishia kwa mnyonge mmoja. Nitakuletea wengine. Halafu jifunze kutofautisha. Akidonoa mapezi, huo ugomvi. Akimzunguka jike huku anatetemeka, anamsukumia kwenye majani, hapo anatongoza. Wapishe."

Lidwina akakata simu akiwa na hasira na nafsi yake. Muda wote huo alikuwa anaamulia uchumba.

Zuhra akaja na tetra wengine kwenye mfuko wa maji, na kweli, kundi lilipokua, Mbabe alipunguza. Hakuwa malaika, ila akawa anagawa udonoaji wake kidogo kidogo. Wakaandaa na beseni la kuzalia: maji ya mvua yaliyokingwa toka masika, hita ya kupasha maji ndani, blanketi nje, na nyuzi za mfuko wa salfeti zilizochambuliwa ziwe kama nyasi. Wakamweka Mbabe na jike moja lenye tumbo kama limemeza shanga.

"Wakimaliza, watoe wote wawili hapo hapo," Zuhra alisisitiza. "Tetra hana habari ya ulezi. Anakula mayai yake mwenyewe."

Asubuhi moja ikatokea. Mbabe akatetemeka, jike likaingia kwenye nyuzi, na vijiyai vidogo kama chembe za sago vikanasa humo. Lidwina akapiga kigelegele. Akawatoa wazazi, akawarudisha tangini. Kesho yake tu vingekuwa vitoto, na mahindi yalikuwa bado. Ila alikuwa na sare za kwaya za kupeleka parokiani, akinamama wameshapiga simu mara mbili.

"Mama, usiguse beseni," alisema mlangoni, akaondoka mbio.

Kosa lake lilikuwa hilo. Hakusema kwa nini.

Aliporudi alimkuta mama Benigna amekaa kwenye kigoda kando ya beseni, kikombe mkononi, kijiko kwenye kikombe. Maji ya beseni yalikuwa na rangi ya udongo. Na ndani, yule jike.

"Mama. Amefikaje humo?"

"Nimemrudisha. Nimemjua kwa tumbo lililonywea. Mzazi hatengwi na watoto wake, Lidwina. Mimi nimekaa nawe ndani mpaka kitovu kikadondoka na zaidi, hakuna aliyenitoa. Wewe unamtoa mwenzio kama mgonjwa aliyefukuzwa wodini. Baba yao nimemwacha kule, akapumzike."

"Na hayo maji?"

"Uji wa ulezi. Mwepesi tu, wa mzazi."

Lidwina akachovya kidole majini, akanusa.

"Njoo uone anavyowabusu," mama akasema kwa sauti ya chini, kama yuko chumba cha mzazi kweli.

"Mama, hawabusu. Anawala."

Mama Benigna alivaa miwani. Akainama. Jike likasogea kwenye uzi, likadonoa, yai likaenda. Likadonoa tena. Mama Benigna akajiinua taratibu, akakiweka kikombe chini.

Na ndipo toyo ya mjomba Polikarp, ile pikipiki ya matairi matatu, ikanguruma uani, magunia yamepangwa mpaka juu. Kabla ya siku, bwana, kama vile alikuwa ameitwa.

"Dada, niyaweke pale pale?" mjomba aliuliza, gunia begani.

"Chumbani kwangu."

"Chumbani kwako? Utapita wapi?"

"Nitapita juu. Huyu mwanamke wa kwenye beseni hatoki humu ndani mpaka azae tena, na safari hii nitamtoa mwenyewe kabla hajafungua mdomo." Akamgeukia Lidwina. "Na wewe, mtu mzima anaambiwa jambo pamoja na sababu yake. 'Usiguse' anaambiwa mtoto."

Lidwina akatazama zile nyuzi tupu. Tangi limebaki, ndiyo, lakini mayai hakuna hata moja, na mtu aliyeyamaliza ndiye anayetoa hotuba. Akamrudisha jike tangini, akabeba beseni hadi nyuma ya nyumba, akalimwaga kwenye shina la mgomba. Hita ilikuwa imegandiwa na uji. Akachuchumaa akaanza kuikwangua kwa ukucha, kimya, maana chochote ambacho angesema pale kingekuwa cha kwenda kuungama.