Mshono wa Nyuma

Suruali ya bluu ya mume wangu haina kitambaa cha akiba kwenye mshono wa nyuma. Fundi yeyote akiigeuza nje ndani atasema aliyeikata hajui kazi. Aliyeikata ni mimi, na nimekaa kwenye cherehani miaka thelathini.

Wanetu pacha waliniuliza juzi kwa nini nimegawa mashati yote ya baba yao nikabaki na suruali moja isiyomtosha yeyote. Niliwajibu kwa kifupi. Hapa najibu kwa urefu, kabla sijaanza kusahau lipi lilitangulia na lipi lilifuata.

Baba Pacha alikuwa fundi wa laini za umeme. Wenzake walimwita Transfoma, kwanza kwa ukubwa wake, pili kwa sababu alipokuwa juu ya nguzo aliguna nyimbo mdomo ukiwa umefumbwa, mmm mmm, na watu wa chini walimsikia kama mtambo. Jina hilo alilipenda. Kisha ikaja mikanda mipya ya kupandia nguzo, yenye kibandiko kinachosema mwisho wa uzito ni kilo mia moja. Mkuu wa kituo akawapanga mafundi wote mstari mmoja na kuwapima kwenye mizani ya stoo, ile ya kupimia nyaya. Mume wangu alifika mia moja ishirini na moja.

"Transfoma imeshushwa!" mmoja akapiga kelele. Wakacheka, naye akacheka. Alipofika nyumbani hakucheka.

Alipewa miezi sita na meza ya kupokea simu za wateja. Muda huo ukiisha hajapungua, meza ingekuwa yake mpaka kustaafu.

"Mama Pacha," aliniambia jioni ya siku ya kwanza, "leo mama mmoja ameniuliza umeme unarudi lini. Nikamwambia sijui. Miaka kumi na tisa mimi ndiye ninayeurudisha, leo nasema sijui."

Tulikwenda zahanati. Nesi alimuuliza anakula nini, nikamjibia mimi, na kadiri nilivyotaja ndivyo sauti ilivyopungua. Chai ya vijiko vinne vya sukari. Soda saa nne. Viazi vya kukaanga mchana, pale getini kwao. Usiku sahani niliyoijaza mwenyewe, na ikiisha naongeza kabla hajaomba. Nesi hakutugombeza. Alichora duara kwenye karatasi akaligawa: nusu mboga za majani, robo wali, robo maharage au samaki au yai. Sukari ipungue kijiko kimoja kila wiki mpaka ulimi uzoee. Soda iwe maji. Na kutembea nusu saa, siku tano kwa wiki, kwa mwendo ambao mtu anaweza kuongea lakini hawezi kuimba.

"Hata kuguna?" mume wangu akauliza.

"Ukiweza kuguna, ongeza mwendo, baba."

Akatuonya tusishinde njaa. Nusu kilo au kilo moja kwa wiki inatosha; anayetaka kuikimbiza zaidi ya hapo hurudi nyuma.

Njia tuliichagua kwa urahisi. Tulifuata nguzo. Kila moja ina kibao cha namba, na nyumba yetu iko kwenye namba saba. Wiki ya kwanza tulifika kumi na tano, akaishika ile nguzo kwa mikono miwili akihema, mimi nikajifanya nafunga kamba ya kiatu ili apate muda. Mwezi wa pili tulikuwa tunafika arobaini na kurudi kabla sijafungua duka. Kila nguzo alikuwa na habari yake. Kwenye ishirini na mbili nyuki walimfukuza akashuka kwa kuteleza mpaka suruali ikatoka moshi. Kwenye thelathini na moja alikuwa juu kabisa siku niliposhikwa na uchungu wa pacha, na mwenzake wa chini akampasulia habari hiyo kwa sauti iliyosikika mtaa mzima.

Mizani hatukuwa nayo. Mizani yetu ilikuwa suruali ya bluu. Niliishona mwaka aliopewa uongozi wa kikosi, alipokuwa na kilo tisini na nane kamili, na ilikuwa miaka mingi haimfungi. Kila Jumamosi baada ya kuoga aliivaa, nami nikapima kwa vidole nafasi kati ya kifungo na tundu lake. Mwanzoni ilikuwa vidole vinane. Siku nyingine zote alivaa ovaroli, hata pale mezani alikataa kuvaa kiofisi, kwa hiyo hapakuwa na mkanda wala kiuno kingine cha kumwambia habari zake. Mwezi wa tatu vidole vilikuwa vinne, na mizani ya stoo ikasema mia moja na kumi.

Ndipo alipokuja wifi yangu. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho, akakaa kwetu wiki sita. Ni dada mkubwa, ndiye aliyemlea mume wangu.

"Wifi, mdogo wangu umemfanyia nini? Shingo imekuwa kama ya jogoo aliyenyonyolewa."

"Ni agizo la nesi, wifi."

"Nesi ndiye aliyembeba mgongoni? Nipishe hapo jikoni."

Akakaanga kila kinachokaangika, kwa jicho moja. Baba Pacha hakuweza kumrudishia dada yake sahani. Na wiki hizo hizo mvua zikaanza, njia ya nguzo ikawa tope. Jumamosi moja nikapima vidole vitano. Aliketi kitandani, suruali imemkwama mapajani.

"Niandikie barua," akasema. "Wewe una mwandiko mzuri. Sema nimekubali meza."

Sikuiandika. Jumatatu, alipokwenda kazini, nikaichukua suruali nikaiweka kwenye cherehani.

Ndani ya mshono wa nyuma sisi mafundi huacha kitambaa cha ziada kila upande. Tunakiacha kwa sababu watu hunenepa, na bado sijaona mteja aliyerudi kulalamika kwamba amekonda. Nilifumua mshono, nikaupeleka nje kidogo, nikashona upya, nikapiga pasi mpaka alama ikalala. Inchi moja tu. Jumamosi iliyofuata akaivaa, nikapima, akaniangalia.

"Vinne," nikasema. "Pungufu kidogo."

Akasimama, akavaa viatu, akaenda kutembea mvuani. Nilimtazama dirishani nikajiona nimefanya jambo la akili.

Nilifumua mara ya pili. Nikafumua mara ya tatu. Wifi alishaondoka na mvua zilishakatika, lakini sasa mume wangu alikuwa na msemo mpya: "Suruali yenyewe imeniruhusu." Akiusema, anasogeza sahani iongezwe. Mimi niliyejua ukweli ndiye niliyekuwa na mwiko mkononi, na niliongeza.

Wiki moja kabla ya kupimwa, kifungo kikafunga. Alibana pumzi, lakini kilifunga. Akatoka nayo hadi kwa jirani yetu mshona viatu, akageuka mbele yake kama mtu anayejaribu sare.

"Mzee, umerudi ujana!" mshona viatu akamwambia. "Sasa viatu navyo tuvipunguze?"

Mizani ya stoo ilisema mia moja na kumi na mbili.

Alikataa kushuka. Alimwambia mtu wa stoo kwamba mizani yake ni mbovu, kwamba yeye ana mizani nyumbani isiyosema uongo. Mtu wa stoo hakubishana. Alileta mifuko miwili ya saruji, ya kilo hamsini hamsini, akaipandisha. Mshale ukasimama kwenye mia moja, haukutikisika.

Saa kumi alasiri nilikuwa dukani napinda sketi. Alipita hadi chumbani bila kunisalimia, akarudi na suruali, akaigeuza mbele yangu. Hakuwa fundi wa nguo, lakini alikuwa ameishi na fundi miaka ishirini na miwili. Aliona ukanda wa bluu iliyokolea ambayo jua halikuwahi kuifikia, na safu za matundu ya sindano.

"Hii ni nini?"

"Ni mshono wa zamani."

"Na hii?"

"Na huo pia."

"Umefumua mara ngapi, Mama Pacha?"

"Mara tatu."

Akavuta kiti cha wateja akakaa. Nikamwambia nilitaka asikate tamaa. Nikamwambia siku ile ya barua moyo uliniuma. Alisubiri nimalize.

"Mimi nikiwa juu," akasema, "kuna mtu chini ananiambia laini imezimwa. Mimi swichi siioni. Ninamwamini, ninashika waya. Sasa huyo mtu akinionea huruma akanidanganya, utaletewa nini hapa mlangoni?"

Niliikunja ile sketi, nikafunga duka mapema.

Siku tatu alijipakulia chakula na kujitengenezea chai mwenyewe. Siku ya nne niliifunga suruali kwenye gazeti nikaenda kituoni. Mkuu wa kituo alikuwa mwanamke wa makamo, miwani juu ya kichwa na nyingine imening'inia kifuani. Niliitandaza suruali juu ya makaratasi yake, nikamwonyesha matundu, nikaeleza kila inchi.

"Kwa hiyo unasema kosa ni la suruali," akasema.

"Kosa ni la mizani ya nyumbani, mama. Na mizani ya nyumbani ni mimi."

Alitafuta miwani kifuani, akavaa, akaukagua mshono muda mrefu.

"Umeshona vizuri, hilo nakubali. Lakini mkanda hauonei mtu huruma. Orodha ya mafundi naifunga mwisho wa mwaka. Imebaki miezi minne. Zaidi ya hapo usije tena, hata ukileta kanzu."

Niliporudi nilimwomba Baba Pacha akae. Nilifumua mshono mbele yake, nikaurudisha palepale pa zamani, nikashona mara mbili. Kisha nikachukua mkasi mkubwa nikaanza kukata kitambaa cha akiba.

"We, we, unaiharibu!"

"Naiharibu."

"Na ikinibana?"

"Itakubana. Na mimi nitakuambia imekubana."

Alitazama ule ukanda ukianguka sakafuni, akauokota, akauzungushia kidole. "Haya," akasema. "Vidole vingapi leo? Pima." Nikapima. Vilikuwa vitano, nikasema vitano.

Miezi minne ile haina mengi ya kusimulia. Tulikula kwenye sahani ndogo za bati ambazo pacha walikulia. Nilipika mboga mbili kila siku na kufunika sufuria baada ya kupakua. Mchana alibeba chakula cha nyumbani, akapita geti la viazi akiwa amegeuza uso upande wa pili. Tukaanza kukimbia nguzo moja na kutembea nguzo moja. Wifi alipopiga simu, mume wangu alimwambia, "Dada, nakupenda, lakini usije na kikaango." Zilikuwepo wiki ambazo kifungo hakikusogea. Nilisema hakijasogea, akanuna, akavaa viatu. Mimi mwenyewe nikapungua kilo saba bila mkuu wa kituo yeyote kunipangia.

Mwisho wa mwaka alikuwa na kilo tisini na tisa na nusu. Mtu wa stoo alimwuliza kama alete saruji.

Mwezi wa pili wa mwaka mpya upepo ukakata waya karibu na kwetu, akaja na kikosi chake, akaipanda namba saba. Nilisimama mlangoni na futi ya kupimia nguo shingoni. Mmm mmm, juu kule. Taa ya cherehani ikawaka nyuma yangu.

"Mama mwenye nyumba!" akaita. "Uliuliza umeme unarudi lini?"

Alipanda nguzo miaka mitano zaidi. Mwaka jana akashikwa na ugonjwa wa damu, ambao haukujali anatembea nguzo ngapi. Watu walikuja kumtazama, na kila mmoja alimwambia anaendelea vizuri, amerudisha hata rangi. Aliwashukuru. Mchana mmoja, walipoondoka, akaniomba suruali ya bluu.

Nilimvalisha. Kifungo kilifunga bila shida, na kiuno kikabaki wazi mbele ya tumbo lake.

"Pima," akasema.

Nikaingiza mkono. "Ngumi mbili."

"Wiki iliyopita ilikuwaje?"

Wiki iliyopita nilikuwa nimempima kwa macho tu, wakati namwogesha. Angekubali chochote ambacho ningesema.

"Moja."

Akafikiri, akipapasa mshono wa nyuma kwa kidole gumba.

"Basi waite pacha waje. Wasingoje likizo."

Nilimwuliza kama nimpunguzie kiuno, isimvuke. Akasema niiache.

Niliwapigia simu saa ile ile. Walifika Alhamisi. Siku mbili nzima aliwasimulia habari za nguzo, na ile ya thelathini na moja aliirudia mara mbili, mara ya pili akiiga sauti ya yule mwenzake wa chini mpaka tukacheka sote. Alifariki Jumapili asubuhi, wao wakiwa wamemshika mikono.

Kwa hiyo, wanangu, ndiyo suruali iliyowaita. Naiacha kabatini. Asubuhi bado natembea, nikiamka vizuri nafika arobaini.