Namba Chini ya Bango

Miaka kumi na tisa naandika mabango: saluni, gereji, duka la dawa. Kila kazi, kona ya chini kulia, naweka namba yangu ya simu. Mkono unaenda wenyewe. Kwa hiyo nilipoandika mabango arobaini ya maandamano, mkono ukaenda wenyewe mara arobaini, nami sikushtuka hata kidogo.

Aliyeshtuka ni wifi yangu msusi, tukiwa tayari barabarani. "Wifi! 'Wodi ya Wazazi Isifungwe', halafu chini umejitangaza?" Akacheka mpaka machozi.

Mimi jasho likanitoka. Nilikuwa nimejipangia kutembea nyuma kabisa, maana polisi nawaogopa tangu utotoni. Nilikuja kwa ajili ya mwanangu tu. Ana mimba ya miezi minane, na hospitali nyingine iko mwendo wa saa mbili kwa gari.

Basi tukashika njia ya halmashauri, waliopanga kuifunga wodi. Jamani, raha! Watu walitoka madukani wakajiunga, mafundi wakatupigia makofi na mikono yao yenye grisi. Mpaka kwenye makutano, ambako polisi walikuwa wameziba barabara kwa ngao. Kamanda akasoma bango la mbele. Akatoa simu.

Mfukoni mwangu simu ikaanza kulia.

"Mama, zima," mwanangu akaninong'oneza, ameshika tumbo.

Ningezima, nani angejua? Lakini nyimbo zilikuwa zimekatika, na wengine walishaanza kurudi nyuma. Tukitawanyika leo, wodi ndiyo basi tena. Nikapokea.

"Wewe ndiye mwenye maandamano haya?"

Hasira ikanipanda, sijui ilitoka wapi. "Mmoja wao, afande. Nakuja."

Nikapita katikati ya watu, simu sikioni. Wifi akanichomekea mkononi nakala ya barua yetu kwa polisi. Nikafika mbele ya kamanda, naye simu bado sikioni, tukawa tunaongea kwa simu huku tunatazamana kama wendawazimu wawili.

"Kibali kiko wapi?"

"Sheria inataka taarifa, afande, haitaki kibali. Taarifa hii hapa, tuliileta siku nne zilizopita. Muhuri ni wa kituo chenu. Njia imeandikwa, saa imeandikwa."

Akasoma. Akasoma tena. Hatimaye akakata simu.

"Tembeeni upande mmoja," akasema, "na msizuie gari la wagonjwa." Akawageukia wenzake. "Wapisheni."

Kelele zilizopigwa hapo sijawahi kuzisikia! Mwanangu alinikumbatia, tumbo likiwa katikati yetu.

Halmashauri walitufungia mlango. Hakuna aliyetoka. Tukaimba weee, tukayatundika mabango yote arobaini kwenye uzio wao, tukaondoka bila kuvunja hata kioo. Njiani nilijisikia vibaya, nisifiche.

Saa tisa alasiri simu ikalia. Namba ngeni.

"Ni katibu wa halmashauri hapa. Namba yako nimeiona uzioni. Mwenyekiti anauliza, mnaweza kuleta watu watano kesho, tuzungumze kuhusu hiyo wodi?"

"Tunakuja," nikasema. "Na wengine watasubiri nje."

Nikavuta ubao mpya, nikachovya brashi kwenye rangi nyekundu. Safari hii nilianza na namba.