Matoka Yaingia Shule ya Wahome

Asubuhi ya kufungua shule, Phyllis alimfikisha binti yake Shiro getini, akamkunjulia kola ya sweta, kisha akaona kwamba matoka yamevuka bembea. Matoka ni yale maua ya majani mapana ambayo wazee wa Tetu hupanda kwenye mpaka wa shamba, na yakishapandwa hakuna mwenye akili zake anayeyagusa. Shule ilipofungwa yalikuwa kule chini, kando ya majani chai. Sasa yalikuwa yamejipanga katikati ya uwanja, mstari mnyoofu, udongo wa mizizi ukiwa bado mbichi. Bembea ilibaki ng'ambo, na mtu alikuwa ameshafunga ng'ombe kwenye nguzo yake.

"Yametembea," Phyllis alimwambia bawabu.

"Eeh, yalianza juzi. Lakini mama, usisimame hapo. Hiyo ni shamba ya mtu."

Phyllis akasogea. Shiro alikuwa gredi ya tisa na mtihani ulikuwa Novemba. Uvumi ulikuwa umezagaa hadi mjini Nyeri kwamba mkurugenzi, Bwana Wahome, anaiuza shule kipande kipande. Shule nyingine zingepokea watoto wa kuhamia mwezi huo tu, baada ya hapo basi. Phyllis alitaka neno moja la kweli: shule itafika Novemba, au amwondoe mtoto sasa.

Mkutano wa wazazi uliitishwa Jumamosi. Phyllis alitoka moja kwa moja shambani, jembe mkononi. Wahome alisimama barazani, suti imenyooka, viatu havina hata tone la tope.

"Wazazi wapendwa, shule yetu iko imara kabisa," alisema.

Matoka yakasogea. Wazazi waliokaa nyuma wakajikuta shambani mwa watu, na bawabu akawaomba wapunguze sauti kwa kuwa hawakualikwa.

"Mkurugenzi," Phyllis akauliza, "Novemba tutakuwa hapa?"

"Mama Shiro, mbona unapenda kuvunja watu moyo?"

Vyoo vikaenda ng'ambo ya matoka.

"Nimeuliza kitu moja tu. Ndiyo ama la."

"Ati ndiyo ama la! Kwani hapa ni kortini? Tuna mipango kabambe."

Jiko likaenda, na mpishi ndani yake, akiendelea kukoroga githeri. Kila mtu aliona kwamba matoka yanasogea kila Wahome akifungua kinywa. Hakuna aliyeshtuka. Moffat, mkulima wa kahawa, alisema kule Mukurweini zahanati iliisha hivyo hivyo, ila huko ilikuwa migomba, na migomba huenda polepole zaidi.

Hapo akasimama Harun, mwenye bucha mjini, baba yake Safa, msichana aliyeketi deski moja na Shiro tangu chekechea.

"Si tuyang'oe tu? Haya ni maua. Mimi nimelelewa Majengo, mtaani hapo mjini, kwetu mpaka ni ukuta. Mama Shiro, nipe hilo jembe."

Baraza lote likamgeukia kwa chuki ambayo lilikuwa halijaionyesha kwa Wahome.

"Wewe mgeni usituletee laana," akasema Moffat.

"Mgeni? Baba yangu amezikwa hapa Nyeri!"

"Basi angekufunza."

Harun akanyoosha mkono. Phyllis alimtazama, akaliweka jembe chini, akalikalia.

"Haung'oi mpaka na jembe yangu," alisema. "Ukipatwa na kitu, watasema ni mimi."

"Sawa. Likalie vizuri. Utaona litakalokuzalia."

Watu wakacheka, Wahome akacheka kuwashinda wote, na maktaba ikaenda.

Mwezi wa kuhamia ukapita. Matoka yaliendelea na kazi yao bila haraka. Darasa lililokatwa katikati liliota sukuma wiki upande wa nje, na mwalimu akafundisha upande wa ndani. Wazazi wenye watoto nje walilaumiwa na wenye watoto ndani kwamba walichelewa kuamka. Geti peke yake halikupungua. Lilibaki refu, jipya, jina la shule limeandikwa kwa rangi ya dhahabu.

Asubuhi ya mtihani, ndani ya matoka mlikuwa na nafasi ya gari la Wahome na deski moja. Phyllis na Harun walifika pamoja, kila mmoja na binti yake. Phyllis alitanguliza kiwiko. Shiro akaketi katikati ya deski, kama alivyoagizwa nyumbani, miguu ameitandaza.

"Mama Shiro, hiyo deski ni ya watu wawili," Harun akasema.

"Ilikuwa."

Safa akabaki kwenye majani chai, rula mkononi. Msimamizi wa mtihani akaruka matoka, akampa Shiro karatasi, akamweleza Harun kwa upole kwamba serikali haitahini watoto katika mashamba ya watu binafsi. Shiro hakuinua kichwa.

Wahome akateremsha kioo cha gari.

"Si niliwaambia hatufungi?"

Wazazi waliokuwa ndani, yaani Phyllis, walipiga makofi. Alipiga viwiko vikiwa vimebana mbavuni, maana nafasi haikuruhusu zaidi. Matoka yakafika kwenye viatu vyake. Phyllis akainua mguu mmoja, yakapita.