Mlango Unaosukumwa kwa Nyonga

Mlango wa jiko la Mwanamkuu ulitoka Kibaha. Mumewe, mzee Mfaume, aliununua kwa watu waliokuwa wakibomoa nyumba kando ya barabara kuu, akaupakia kwenye kirikuu, akafika nao Kibuta jua likiwa utosini. Ulikuwa mlango wa mninga, rangi yake ya kijani imebambuka. Jiko lenyewe lilikuwa la udongo na makuti, kwa hiyo mlango ulikuwa na hadhi kuliko jiko. Mfaume akaufunga kwa bawaba tatu upande wa nyuma, unaotazama shamba la mihogo.

Ukiusukuma kwa mkono, ulifunguka kwenye mihogo. Ukiusukuma kwa nyonga, mikono yote miwili imebeba chakula, ulifunguka kwingine.

Mwanamkuu alilijua hilo siku ya Jumanne. Alikuwa anampelekea jirani yake Tunu sufuria ya kisamvu, ng'ambo ya shamba. Mikono imejaa, akausukuma mlango kwa nyonga kama mwanamke yeyote afanyavyo, akaingia kwenye jiko la mtu, ghorofani, baridi inauma masikio. Bibi mmoja mwenye sweta alikuwa anamenya viazi vilivyochemshwa. Simu ndogo ya Mwanamkuu ikalia kifuani: ujumbe wa kumkaribisha Polandi.

Bibi yule akaipokea sufuria, akavuta kigoda. Akamwekea Mwanamkuu viazi vile, akavimiminia maziwa mgando, akanyunyiza majani mabichi juu. Basi. Mwanamkuu akangoja mchuzi. Mchuzi haukuja. Kibuta, ukimwekea mgeni chakula cha namna hiyo, atakwenda kuuliza kwa jirani amekukosea nini. Lakini bibi yule aliisogeza sahani kwa mikono miwili, akaketi kumtazama kwa furaha, na Mwanamkuu akaonja. Akaonja tena. Naye bibi akala kisamvu mpaka akaifuta sufuria kwa mkate. Alipoiosha akaijaza viazi, kumbe na kwao chombo hakirudi kitupu.

Mwanamkuu akausukuma mlango wa bibi kwa nyonga, akatokea nyumbani.

"Tangu asubuhi nangoja kisamvu," alisema Tunu, akifunua sufuria. "Leo shoga umeniletea viazi ulaya?"

"Ndiko nilikovitoa."

"Havina hata chumvi."

"Wanakula hivyo hivyo, na bibi wa watu ana mashavu kama mwali."

Mtendaji wa kijiji alipita wiki ile kuuliza kama mlango una kibali. Akaambiwa jiko la makuti halina kibali, sembuse mlango wake. Akaona ni kweli, akaondoka na ndizi mbili.

Tunu naye akaenda na chungu cha maharage, akarudi na dagaa wakubwa wa kuchoma kutoka Ureno. Wanawake wa Kibuta wakawa wanaazima mlango kama wanavyoazimana kinu. Mwanamkuu alipenda kwenda asubuhi, akirudi anafikiri. Aliona watu wanaokula supu ya kabichi siku tatu mfululizo na wanacheka. Aliona nyumba ambayo baba ndiye anayeosha vyombo, na alipomaliza hakuumwa popote. Aliwaza kwamba kumbe mambo mengi aliyoyadhani ni ya dunia yalikuwa ya Kibuta tu.

Mfaume naye alitaka kuiona Ulaya. Alisukuma kwa mkono, akaona mihogo. Akasukuma kwa bega, mihogo.

"Beba sufuria, shemeji," Tunu alimwambia. "Haina mwiba."

"Mimi nibebe sufuria? Nionekane na nani?"

"Na Wazungu."

"Ndio hao hao sitaki."

Akaendelea kuona mihogo.

Ijumaa moja Mfaume alimwalika rafiki yake, mzee Mwinyijuma, aje kula baada ya swala. Mwanamkuu akachinjiwa jogoo. Akamnyonyoa, akampasua, akaitoa firigisi, akaichana, akamwaga changarawe, akaubandua ule utando wa manjano kwa ukucha wa kidole gumba. Kazi hiyo aliijua tangu ana miaka minane. Sasa alikuwa na sitini na tisa, na firigisi hajawahi kuitia mdomoni. Firigisi ni ya mwenye nyumba. Mama yake alimfunza kwamba mke akiila, mume hudhoofika.

Mchuzi ukiwa mekoni, akabeba sinia la wali wa nazi kumpelekea Tunu. Nyonga, mlango, na simu ikamkaribisha Indonesia.

Huko walikula mkekani, kwa mkono, na wali wao ulinukia nazi. Alikuwapo mzee mmoja mwenye kofia, mkewe, na binti zao wawili. Lugha hawakusikilizana, ila wote walisema bismillahi, ikatosha kuanzia. Katikati ya mkeka palikuwa na bakuli la firigisi zilizokaangwa kwa pilipili. Mwanamkuu akazihesabu kwa macho: kumi na moja. Kuku kumi na moja, na mwanamume mkekani alikuwa mmoja tu.

Mke wa yule mzee akatwaa moja, akaitia mdomoni huku anaongea. Mwanamkuu akamtazama mume haraka, aone kama ataanguka. Mume akaomba chumvi.

Kisha mama yule akamwekea Mwanamkuu mbili juu ya wali. Mwanamkuu akazitazama kitambo. Akala ya kwanza akiwa ameinama, ya pili akiwa ameinua uso.

Aliporudi, wazee walikuwa wameshaketi barazani. Akapakua. Firigisi akaiweka kwenye kisahani chake, katikati, kama siku zote. Ila hakuondoka.

"Baba Hussen," alimwambia mumewe, "firigisi ya leo tugawane."

Mzee Mwinyijuma akaacha kutafuna.

"Umeumwa?" Mfaume aliuliza.

"Mzima. Nimetoka mahali wanakula wote. Kipande kidogo tu, niijue ya jikoni kwangu."

"Mama yako alikwambiaje?"

"Kwamba mume hudhoofika. Mume wa kule nimemwona. Ana kitambi."

"Shemeji," Mwinyijuma aliingilia kwa upole, "hiyo ndiyo bendera ya nyumba. Ukiigawa, mgeni atamjuaje mwenye nyumba?"

"Kwani jiko hili alilikandika nani?"

Wazee wakatazama udongo wa jiko. Mfaume alikuwa mtu mwema, akalifikiria jambo lile kwa haki, kidole kikiwa kwenye ndevu.

"Mlango nimekuachia," alisema. "Mwanamke wa nani mwingine anakwenda Ulaya na kurudi kabla ya adhuhuri? Nenda kesho, nenda keshokutwa, sikukatazi. Lakini huko ni huko, mama Hussen. Hapa ni hapa."

"Umesema," Mwinyijuma alisema, akavuta paja.

Mfaume akaichukua firigisi. Alipoifikisha mdomoni akasita, maana alikuwa mtu wa kupenda habari.

"Hebu niambie. Ya huko ikoje?"

"Ngumu ngumu mwanzoni," alisema Mwanamkuu. "Inavutika kwenye meno. Halafu utamu unakuja mwishoni, umeshakata tamaa."

"Kama hii, basi."

"Sijui. Hii sijapata kuionja."

Mfaume akaitia mdomoni. Akatafuna taratibu, amefumba macho, kwa uaminifu wote, mkewe amesimama anangoja.

"Ni hivyo hivyo ulivyosema," alimjibu kwa wema, akameza. "Basi umeshaijua."