Mafuta ya Cherehani kwenye Breki za Mwalimu

"Shemeji, hilo si gari, hilo ni mbuzi anachinjwa," alisema Mama Mapacha, mikono kiunoni, kastabini bado kidoleni. "Na anachinjwa chini ya dirisha langu kila Jumamosi."

Mwalimu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, hakushuka. Aliteremsha kioo akamjibu kwa ile sauti ya upole anayowatunzia wanafunzi wake wanaopanda na gari juu ya bustani za watu. Alisema kelele ile si ugonjwa. Breki zake si za chuma kama za wengine, diski zake ni za kaboni na seramiki, na zikiwa za baridi hulalamika mpaka zipate moto. Ndiyo maana kabla ya kwenda kwenye uwanja wa mbio huzipasha kidogo hapo uani: mbele, breki, nyuma, breki.

Hicho "kidogo" ndicho kilichokuwa kinamtoa Mama Mapacha roho. Kazi yake ni kushona, na hushona watoto wakilala. Ndani kulikuwa na gauni la bibi harusi linalokuja kuchukuliwa mchana huo huo, na mkono wake mmoja ulikuwa bado vipande mezani. Kila akikaa kwenye cherehani, gari linalia, pacha wa kwanza anaitikia, wa pili anaona asipitwe.

Mwalimu wiki nzima alikuwa mtu mwingine kabisa. Alifundisha udereva, amekaa pembeni ya wanafunzi kwa mwendo ambao kuku waliupita bila kukimbia. Ila kaka yake alipohamia ughaibuni alimwachia gari la mbio, akamwomba aliwashe mara moja moja lisioze. Mwalimu akaushika wosia ule kwa mikono na miguu. Siku hizi kila Jumamosi alikwenda uwanjani, akarudi jioni ananuka kuungua, na uso wa mtu aliyetoka kuona malaika.

Basi kama breki zenyewe ni za ajabu hivyo, Mama Mapacha aliuliza, mbona zinalia kama zimefiwa? Mwalimu akasema diski zile zitawazika wote wawili. Kinacholiwa ni pedi, vile vibao vinavyoibana diski. Uwanjani unatoka mbio zote unakanyaga breki, kona, tena mbio, tena breki, moto unapanda, na pedi zinakwisha kama sabuni ya wageni. Zake zilikuwa zimebaki wembamba wa biskuti, lakini kwa leo zilitosha, na leo ndiyo siku aliyoahidiwa kuingizwa kwenye kundi la wenye kasi.

"Mwambie na habari ya mizani," mkewe alidakia kutoka barazani, anachambua mchele.

Na kwa kuwa mumewe alijifanya kutafuta glavu zake, akaieleza mwenyewe. Diski za aina ile huwezi kujua zimeisha kwa kuzipima unene tu, hupimwa uzito. Mwalimu alishaua mizani ya mkewe ya jikoni, akaibeba diski mpaka buchani, na muuza nyama akaigeuzageuza akauliza hiyo ni sehemu gani ya ng'ombe.

Glavu hazikuonekana. Mwalimu akaingia ndani kuzisaka, mkewe akamfuata kumwonyesha zilipo.

Mama Mapacha akabaki peke yake na lile gari. Mtu asimfikirie vibaya. Katika kazi yake, kitu kikilia kinaomba mafuta. Cherehani likilia unalitia mafuta, mkasi ukikwaruza unautia mafuta, na bawaba za mlango wake alizinyamazisha hivyo hivyo. Kopo lake lenye mdomo mrefu lilikuwa mfukoni mwa aproni. Akachuchumaa, akapenyeza ule mdomo katikati ya rimu, akabonyeza. Gurudumu hili, na lile, mbele na nyuma, bila uchoyo, kama anayemnywesha mgonjwa dawa. Alirudi kwake anajisikia jirani mwema.

Mwalimu alitoka amevaa helmeti, akaingia, akatia rivasi. Kimya. Mama Mapacha akatabasamu nyuma ya pazia. Uani pale kuna kiteremko, na gari likakifuata taratibu kama gari la maiti. Likapita getini. Likaendelea. Ndani ya helmeti macho ya Mwalimu yalikuwa yametoka, mguu unapiga pedali kama anatwanga. Fundi viatu wa upande wa pili alidhani anaagwa, akampungia mkono.

"Mwalimu, handbreki," mkewe akamwambia, bila haraka, kama mumewe anavyowaambia wanafunzi wake.

Aliivuta, nayo ina vibao vyake ndani ambavyo mafuta hayakuvifikia, gari likiwa limeshaingia kinyumenyume kwenye kamba ya nguo ya Mama Mapacha, ng'ambo ya kichochoro. Likasimama limejifunika nepi.

Mtaa mzima ulitoka. Mwalimu akashuka, akapitisha kidole ndani ya gurudumu, akanusa.

"Haya ni mafuta ya cherehani," alisema.

Macho yote yakamgeukia fundi cherehani, na mtaani alikuwepo mmoja tu. Mama Mapacha alifikiria kukana, lakini kopo lilikuwa linavuja kwenye aproni.

"Zilikuwa zinalia, shemeji. Nikazipa."

Mwalimu akakaa chini ukingoni mwa njia. Alieleza kwamba diski zitasafishika, ila pedi hunywa mafuta kama mkate unavyonywa chai, hizo ndiyo basi, na mpya zinakuja kwa meli. Watu wakampa pole ya msibani. Fundi viatu akajitolea kumchongea nyingine kwa tairi la lori.

Mama Mapacha aliona aibu, aibu ya kweli, ingawa aliposikia "meli" sikio moja lilisimama. Ndipo Mwalimu akasema kwa sauti ndogo kwamba uani kusingekuwa na kiteremko, angeyagundua mafuta yale kwenye kona ya kwanza ya uwanja wa mbio. Hakuwa anatania. Mama Mapacha akamwomba radhi mpaka maneno yakamwishia.

Watu wakalisukuma gari mpaka ndani. Mke wa Mwalimu akaokota nepi, akazikung'uta, akamshika Mama Mapacha kiwiko na kumsogeza kando. Alimnong'oneza kwamba tangu gari lile liingie pale nyumbani, chakula cha Jumamosi anakula na redio.

"Usilie, mdogo wangu. Kawalete watoto na hilo gauni lako. Mkono utaumalizia mezani kwangu, wanao nitawashika mimi. Shemeji yako atapakua, leo hana pa kwenda. Njoo ndani tule."