Mfungo kwa Ajili ya Gavana

Jumapili baada ya ibada, wanaume wa Alby, mtaa wa wahamiaji huko Sweden, hawaendi moja kwa moja makwao. Wanapanda kwa Ndayisaba, Mrundi mwenye televisheni kubwa kama mlango, wanakula ugali na sombe ya majani ya muhogo, kisha wanawatazama Wamarekani wakitukanana. Ulikuwa wakati wa kura za mchujo, chama kikitafuta mtu wake wa kugombea urais, na kila mmoja pale ukumbini alikuwa na mgombea wake, kama wengine walivyo na timu ya mpira. Kura hakuwa nayo hata mmoja. Kelele walikuwa nazo tele.

Mzee Édouard, Mkongo wa Uvira aliyezeekea njiani, alikuwa na gavana. Alimpenda tangu kabla ya Krismasi kwa sababu moja tu: mtu yule hafungui kinywa kabla ya kumshukuru Mungu. Akampigia simu dada yake Dafrosa, aliyeko kambini Nyarugusu, Tanzania, akamwambia tumepata mtu. Dafrosa alikuwa amekwisha kuhojiwa na Wamarekani, amepimwa damu na kifua, amekubaliwa kuhamia kwao. Kilichobaki ni ndege. Basi akalipeleka jina la gavana kanisani kwao, na akina mama wa kambi wakawa wanamfungia kila Jumapili, bila chakula wala maji mpaka jua lizame. Watu wanaopimiwa mahindi kwa kopo, wanashinda njaa kwa ajili ya mtu anayekula nyama asubuhi.

Jumapili hiyo walitazama mdahalo wa katikati ya wiki. Aliyetafsiri ni Kariuki, Mkenya, maana Kiingereza cha wengine kiliishia kwenye salamu. Gavana akaulizwa habari za wakimbizi. Akamshukuru Mungu kwa taifa lake, akasema yake, na watu wa kule wakasimama kumshangilia. Kariuki akatafsiri huku akicheka: siku ya kwanza ofisini atafunga mlango, na walioko kambini wabaki kambini, hata waliokwisha kukubaliwa.

Ndayisaba akapiga makofi. Yeye mwenyewe aliingia Sweden na mfuko wa plastiki na mtoto mgongoni.

"Huyo ndiye mwanaume," alisema. "Hata hapa tumejaa, mzee. Treni ya asubuhi hupati pa kushika."

"Mmejaa wewe na nani?" Édouard akamwuliza.

Wakacheka, wakidhani anatania. Wakamkumbusha kwamba gavana ni wake, kamleta mwenyewe pale, sasa apokee pongezi.

Simu ikalia. Akatoka nayo kwenye roshani, akafunga kioo nyuma yake. Alikuwa Dafrosa, na sauti yake ilikuwa kavu ya mtu asiyegusa maji tangu jana. Wamesikia redioni kwamba gavana amechukua jimbo jingine. Akauliza, je, mfungo waongeze na Ijumaa?

Chini, theluji ya Machi ilikuwa nyeusi kwa matope. Angeweza kusema waongeze, na wangeongeza.

"Kula, Dafrosa," alisema. "Waambie wote wale."

"Jua bado, kaka."

"Gavana amesema mlioko kambini mbaki kambini. Hata ninyi mliokubaliwa."

Dada yake akauliza kama ni maneno yake kweli au maadui wamemsingizia.

"Kasema mwenyewe. Kaanza kwa kumshukuru Mungu."

Ndani walikuwa wamerudisha picha nyuma ili walisikie tena lile jibu, na Ndayisaba alikuwa akimpungia mkono arudi.

"Haya," alisema Dafrosa. "Ngoja niwashe moto."