Kilo Themanini na Nne za Sukari Guru

Daktari Mallikarjun Angadi alikuwa ameketishwa kwenye mizani kubwa, miguu inaning'inia, mashada ya maua yamemfika masikioni, na upande wa pili wafuasi wake wanapanga vipande vya sukari guru. Ndivyo mgombea ubunge anavyoheshimiwa mjini Kalgudda: anapimwa kwa kitu kitamu, kisha watu wanagawiwa. Na asishuke kabla mizani haijalingana, atajiletea nuksi.

Sasa basi, huyu bwana ametibu kisukari mjini hapo miaka ishirini na miwili, na simsengenyi nikisema upole hana. Aliwahi kumpokonya baba wa bwana harusi donge tamu la ladu mdomoni, mbele ya wakwe.

Akaitazama foleni ya mgao, akawatambua wote kwa vipimo vyao vya sukari. Yule mia tatu na kumi. Yule mama, sindano mbili kwa siku. Na mbele kabisa Ningappa, fundi baiskeli, aliyeponea chupuchupu kukatwa mguu mwaka jana.

"Tabasamu," akanong'ona Veeranna, meneja wake wa kampeni. "Zimebaki siku tano. Nyamaza nusu saa tu, kiti cha bunge la jimbo ni chako."

Alikitaka kiti hicho mpaka roho inamuuma. Mji mzima haukuwa na mashine hata moja ya kusafisha figo, na wabunge watatu waliopita aliowaomba walimnywesha chai tu.

Mizani ikikaribia kulingana, Ningappa akapewa kipande chake mapema, kikubwa kama ngumi.

"Ningappa, weka chini," daktari akasema. Kipaza sauti kilikuwa kimebanwa kwenye shati lake, uwanja mzima ukasikia.

"Kidogo tu, Daktari. Si baraka yako hii?"

"Baraka gani? Vua kiatu niuone huo mguu."

Akashuka. Upande wa sukari guru ukashuka kwa kishindo, Veeranna akajifunika uso kwa shali. Daktari akaipita foleni nzima akinyang'anya vipande na kumgombeza kila mtu kwa vipimo vyake, na kipaza sauti kikizitangaza siri hizo mpaka sokoni.

Siku tano alizunguka nyumbani kama aliyefiwa. Kura zilipohesabiwa, alikuwa ameshinda kwa elfu kumi na tisa.

Machozi yakamtoka. "Kumbe watu wanapenda ukweli," akamwambia mama Shivagangavva, yule wa sindano mbili, aliyekuja kumvisha shada.

"Ukweli gani, mwanangu? Bengaluru kwenye bunge ni kilomita mia nne. Utakaa huko miaka mitano, mbali na masinia yetu." Mama akampigapiga bega. "Mji mzima tumekupigia kura."

Ilimchoma. Akaingia garini amenuna. Nje ladu zilikuwa zinatembezwa kwa masinia, na hakuna aliyejificha kula. Ningappa akafungua mlango wa gari bila kuomba ruhusa.

"Na wewe ulinipigia?" daktari akamuuliza.

"Mimi? Nilimpigia mpinzani wako." Ningappa akaweka mguu mtupu kwenye kiti. "Ukienda, huu nani atauangalia?"

Mheshimiwa akasogea. Akavaa miwani, akaupakata ule mguu, akaukagua kidole kwa kidole.

"Jumapili," akasema. "Kila Jumapili nitakuwa kliniki."

Waliokuwa karibu wakasikia, wakaanza kufunika masinia.